Jinsi ya kuandika simulizi ya kachero muungwana anayemfukuza muuaji kutoka Mtwara mpaka Dar

Salaam ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Naandika haya kwa sababu ya meseji ninazopata. Mimi natunga simulizi za upelelezi, nazituma kwenye magrupu ya simu episodi kwa episodi huu mwaka wa sita sasa, mchana nina duka la steshenari na fotokopi hapa Chikongola Mtwara mjini, na vijana wengi wa huku kwetu, Lindi, Masasi, Newala, Nachingwea, wananitumia kazi zao wanasema dada naomba unisomee. Nasoma zote. Na kuna kitu naona kinajirudia, kijana ana kipaji kabisa, anajua kusimulia, lakini kachero wake amevaa koti refu jeusi, ana kiko mdomoni, anatembea kwenye ukungu, halafu mji wenyewe ni Dar es Salaam na mwezi ni Desemba. Yule mtu ni wa London jamani, na London ukungu ule ulikuwa na kazi yake, ulikuwa moshi wa makaa ya mawe ya majumbani na viwandani umechanganyika na unyevunyevu mpaka mtu haoni mbele, ndo maana muuaji aliweza kupotea hatua kumi tu kutoka ulipo. Ukiubeba ukauleta Kariakoo haukusaidii kitu. Dar mtu anajificha kwenye watu, na hilo ndo utatakiwa ulijue vizuri kabla hujaanza kumfukuzisha mtu humo.

Basi nitaeleza ninavyofanya mimi, nikitumia kachero wangu mwenyewe, Mzee Chilumba wa Mikindani, ni mtu wa kubuni ila wasomaji wangu wanamuulizia utafikiri ni mjomba wao.

Mtengeneze muungwana kwanza, muuaji asubiri

Kule Uingereza kachero muungwana wa hadithi zao ni mtu wa ukoo mkubwa, ana urithi, hana shida ya mshahara, anapeleleza kwa kupenda tu na polisi wanamvumilia kwa sababu ya jina la familia. Sisi neno tunalo na lina uzito kuliko hivyo. Pwani hii zamani, Kilwa Kivinje, Lindi, Mikindani, muungwana maana yake ilikuwa mtu asiye mtumwa. Misafara ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa na pembe na watu, soko la watumwa la Unguja likafungwa 1873 lakini huku utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo, kisheria Tanganyika ulifutwa 1922, si mbali sana, kuna wazee wamelelewa na watu waliouona. Kwa hiyo ukisema muungwana huku kusini unagusa nyumba za watu, kuna ambao mababu zao waliitwa hivyo na kuna ambao walinyimwa hilo jina.

Mimi Mzee Chilumba nimempa bibi aliyeletwa Mikindani akiwa mtoto mdogo, aliyekufa bila mtu kumwita muungwana hata siku moja. Na mjukuu wake leo ndo mtu ambaye mtaa ukiwa na jambo zito unatuma mtoto akamwite. Sijawahi kuliandika hilo kwa kirefu kwenye simulizi, labda mistari minne kwenye episodi ya pili, lakini linaniongoza mimi kila nikimwandika, najua kwa nini hawezi kuvumilia kuona mtu ameuawa halafu watu wanasema "alikuwa kibarua tu". Hicho kitu kitafute kwa kachero wako kabla ya nguo na kabla ya akili nyingi. Akili nyingi kila kachero anazo.

Halafu mpe kazi aliyoifanya miaka mingi, na upelelezi wake utoke humo. Wangu alikuwa karani wa ghala la ushirika wa korosho miaka thelathini. Karani wa ghala anajua nini? Anajua mizani inavyochezewa, anajua gunia lililolowekwa maji liongeze uzito, anajua kukata korosho akatazama kokwa akakwambia hii imevunwa mapema, anajua sahihi ya mtu anayesaini kwa kutetemeka, na amesimama msimu baada ya msimu kuanzia Oktoba mbele ya watu wanaosema uongo kwa sauti ya upole. Sasa wa kwako anaweza kuwa fundi saa, nesi mstaafu wa zamu za usiku, nahodha wa mashua ya Msangamkuu, bibi kungwi aliyewacheza unyago nusu ya wanawake wa wilaya (huyu natamani mtu amwandike kabla sijamwandika mimi), chochote, ila kiwe kitu unachokijua mpaka mikononi.

Uungwana ndo kitendea kazi chake

Hapa ndo nataka mnisikilize kuliko kote. Uungwana ni vitendo, wote tunasema, sasa kwenye simulizi vitendo hivyo viwe njia ya kupata habari. Kachero anayegonga meza na kufoka hapati kitu huku kwetu, watu wanafunga mdomo, ukiwa mkali Mmwera anakuangalia tu mpaka unaondoka mwenyewe. Mzee Chilumba salamu zake zinachukua dakika tano. Anauliza watoto, anauliza shamba, anauliza mvua, anauliza yule mgonjwa alipona, na kwenye kujibiwa hayo mtu ameshamwambia kwamba jana usiku hakulala nyumbani.

Mfano kipande hiki, mama wa nyumba aliyopanga marehemu:

"Hodi hapa."
"Karibu mzee. Shikamoo."
"Marahaba mwanangu, poleni sana na msiba. Watoto wamekula?"
"Wamekula mzee, jirani kaleta uji."
"Alhamdulillah. Na maji je, mnapata? Maana naona ndoo zote zimejaa na bomba tangu juzi limekatika."
"Yule kijana alikuja nazo usiku, mwenyewe tu, hata hatukumtuma."

Hakuna aliyemuuliza kuhusu kijana. Kijana aliyeleta ndoo sita za maji usiku wa manane kwa hiari yake alikuwa anaosha nini, msomaji anajiuliza mwenyewe, wewe nyamaza.

Na tumia tulivyo navyo. Tuna utani. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, tunataniana, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ambayo hata polisi hana, anaingia, analala kwenye jeneza, anamwigiza marehemu, anamtaja aliyekuwa na deni lake mbele ya watu na hakuna wa kukasirika kwa sababu ni mtani. Nimeandika episodi nzima ambayo mtani mmoja wa Kimakua anacheza msibani anaimba madeni ya marehemu moja moja, watu wanacheka na kulia, na Mzee Chilumba kakaa kwenye mkeka anaangalia nani ameacha kucheka. Ile episodi nilipata meseji nyingi kuliko zote nilizowahi kuandika, na sikubuni kitu, ndo maisha yetu.

Mwili

Msiharakishe hapa. Wengi mnaandika "alimkuta amelala kwenye dimbwi la damu" mnapita. Mwili unaongea sana kama unajua ulichokiandika.

Mtu akifa mwili unaanza kukakamaa baada ya masaa mawili mpaka manne hivi, taya na shingo kwanza, unakuwa umekakamaa wote kama kwenye masaa kumi na mbili, halafu ndani ya siku moja mpaka mbili unalegea tena. Joto linaharakisha, na Mtwara ya Novemba ndani ya ghala la mabati ni joto la kweli, kwa hiyo usichukue masaa ya nchi ya baridi ukayabandika huku. Kingine, damu ikishasimama inatuama upande wa chini wa mwili, ngozi inakuwa na wekundu wa zambarau, na baada ya masaa nane mpaka kumi na mbili hivi ule wekundu unaganda hapohapo hata ukiugeuza mwili hauhami.

Sasa ona unavyoweza kucheza na hilo. Kwangu marehemu alionekana saa sita mchana kalala kifudifudi, kijana wa mizani aliyemkuta aliwaambia hivyo polisi na watu wote walisikia. Lakini wekundu ulikuwa mgongoni. Maana yake alilala chali usiku kucha na mtu mwingine akaja asubuhi akamgeuza, anatafuta kitu mifukoni. Watu wawili, nyakati mbili, na mmoja wao tu ndo aliyeua. Simulizi nzima imesimama hapo.

Swali, Mzee Chilumba aliuonaje mgongo wa marehemu wakati yeye si daktari wala polisi? Aliitwa kuosha maiti. Mwili umetoka mochwari, uchunguzi umefanyika, familia inataka kuzika alasiri, wanahitaji wazee watatu wa kuosha na yeye ni mmoja wao kama kawaida. Hii ilinijia nikiwa kwenye msiba wa baba yangu mdogo, nawaona wale wazee wanatoka wameinamisha macho, nikasema hawa wameona kitu ambacho sisi wengine wote hatutaona kamwe. Na adabu ya mwosha maiti ni kusitiri, alichokiona mle ndani hakitoki nje. Kwa hiyo kachero wangu ana ushahidi mkononi na hana ruhusa ya kuusema! Usiku mzima halali, anatembea ufukweni Mikindani, alfajiri anamfuata imamu baada ya swala, hamwambii alichokiona, anauliza tu, shehe, kusitiri ni kwa aibu ya marehemu au ni kwa dhuluma aliyofanyiwa. Imamu anakaa kimya muda mrefu. Mimi hiyo sehemu niliiandika mara saba.

Kama kachero wako ni Mkristo wa Ndanda au Masasi utapata njia nyingine, ila tafuta hiyo njia, tafuta sehemu ambayo uungwana wake unamzuia. Kama heshima yake haimgharimu kitu basi ni pambo.

Sababu ya kuua

Fupi tu. Isitoke kwenye muvi. Huku kwetu pesa inazunguka kwa msimu na kila mtu anajua kangomba ni nini, mtu anapita kwa mkulima mwenye shida, anamnunulia korosho kwa kipimo cha bakuli bei ya chini nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani (ule wa mkulima kupeleka korosho ghalani, zinapimwa, anapewa karatasi ya uzito wake, zinauzwa kwa mnada), au anamlipa mikorosho ikiwa bado maua, halafu zile korosho anazipenyeza ghalani kwa jina la mkulima mwingine. Ndani ya hilo kuna deni, kuna ndugu waliogombana, kuna mke aliyeuza bila mume kujua, kuna mjanja aliyekula hela ya matajiri wa mjini. Sababu ya mtu kuua iwe ndogo kuliko msomaji anavyotegemea na iwe na majina ya watu ndani yake.

Dalili, na kila dalili inathibitisha nini

Kosa kubwa ninaloliona ni kachero kuona kitu kimoja akasema "wewe ndiye muuaji". Dalili moja inathibitisha kitu kimoja kidogo tu, na wewe mwandishi ukae na daftari uandike kila dalili na kile kidogo inachothibitisha.

Yangu nitawapa tatu. Mikono ya mtuhumiwa ina weusi na makovu ya kuungua kwenye ncha za vidole, ni mafuta ya ganda la korosho, mtu yeyote aliyewahi kubangua bila kujipaka majivu au mafuta anayajua, yanachubua ngozi. Yeye anasema ni fundi cherehani wa Tanga hajawahi kufika kusini. Siku pasi inamuunguza anapiga kelele "nkono wangu!" Hapo kila msomaji wa Mtwara anaruka kwenye kiti, nkono, siyo mkono, Kimakonde kimemtoka bila ruhusa. Sasa hizo mbili zinathibitisha ameua? Hapana. Mbagala ina watu wa kusini maelfu na wabanguaji ni mama zetu. Zinathibitisha amedanganya alikotoka, basi. Na Mzee Chilumba anasema hivyohivyo kwa yule askari kijana anayetaka kumfunga pingu palepale. Tena hapa naomba sana, msigeuze lafudhi yetu kuwa alama ya uhalifu, tumeshaumia vya kutosha na watu wanaosikia "ntu" wanashika mifuko yao. Ndo maana kwenye simulizi yangu marehemu, muuaji, kachero na shahidi mwema kuliko wote, wote wanne wanasema nkono.

Dalili ya tatu ndo inayombana. Stakabadhi iliyokutwa kwa mtuhumiwa ina uzito umeandikwa na nusu kilo mwishoni, na mizani ya lile ghala haisomi nusu, karani wa miaka thelathini anajua hilo kama anavyojua jina lake. Nilishaiweka episodi ya kwanza kabisa, Mzee Chilumba anapita ghalani anasalimia, anaisifia ile mizani ya zamani anasema hii haijui nusu, ni nzima au hakuna. Watu walipita wakadhani ni maneno ya mzee. Hivyo ndo haki ya msomaji, apewe kila kitu alichopewa kachero, akikosa akose yeye.

Kuhusu simu pia muwe makini maana mnaandika kama bado tuko 2009. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo muuaji akiwa na "laini isiyojulikana" lazima useme imesajiliwa kwa vidole vya nani, na huyo mtu mwenyewe ni mlango wa kuingilia. Kachero raia hawezi kwenda kampuni ya simu akapewa orodha ya waliopigiwa, hiyo inapitia polisi na taratibu zao. Anachoweza ni kile ambacho hata wewe unaweza, unaingiza namba kama unataka kutuma hela, jina la mwenye laini linatokea, unasitisha. Mzee Chilumba alifundishwa na mjukuu wake wa darasa la saba na alishangaa sana, akasema mwanangu hii ni dafina.

Na polisi msiwafanye wajinga. Raia anaweza kukamata mtu aliyetenda kosa kubwa mbele yake akamkabidhi, sheria inamruhusu, lakini hawezi kupekua nyumba, hawezi kumlaza mtu ndani. Mpe kachero wako rafiki, mimi nimempa mkaguzi wa upelelezi mwanamama aliyewahi kufundishwa madrasa na marehemu mke wa mzee, anamwita baba, na mara nyingi anamkatalia.

Sasa twende mjini

Hapa ndo utamu. Kabla ya kumpandisha muuaji kwenye basi amua kwanza ni mwaka gani, maana barabara yetu ina historia yake. Daraja la Mkapa pale Rufiji limefunguliwa 2003. Simulizi ya 1998 mtu anafika mtoni anasubiri kivuko, na masika barabara inakatika siku nyingi, kachero na muuaji wanaweza kukwama upande mmoja wa mto wanakula samaki kwenye banda moja. Hiyo ni simulizi nzuri mno na hakuna aliyeiandika vizuri bado. Ukichagua miaka hii ya sasa basi linaondoka Mtwara alfajiri, Mingoyo, Lindi, Nangurukuru, Somanga, linavuka daraja, Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga, Mbagala, kilomita 560 hivi, jua linapoanza kulala upo mjini.

Na hapa nitawapa kisa cha kweli ambacho kimenifundisha kufukuzana kuliko muvi zote. Mwaka 1910 London kulikuwa na mtu anaitwa Hawley Crippen, mke wake alitoweka, polisi wakakuta mabaki ya mwili chini ya sakafu ya nyumba yake, yeye keshakimbia. Alipanda meli Antwerp kwenda Canada na mwanamke wake kavaa kama mvulana, meli inaitwa Montrose. Nahodha akawatilia shaka, akatuma taarifa kwa redio ya upepo, kitu ambacho kilikuwa kigeni kabisa wakati huo. Mkaguzi Walter Dew wa Scotland Yard akapanda meli nyingine yenye kasi zaidi, Laurentic, kutoka Liverpool, akampita baharini. Siku zote hizo magazeti yanaandika, dunia nzima inajua Crippen yuko kwenye meli gani na nani anamfuata, asiyejua ni yeye peke yake, anatembea sitahani anaota jua. Alipofika Canada Dew alikuwa anamsubiri. Alihukumiwa, akanyongwa Novemba mwaka huohuo.

Mmeona? Hakuna mbio hata moja pale. Mtu ametulia kwenye meli na wewe moyo unakwenda mbio kwa sababu unajua asichokijua. Mimi niliigeuza, muuaji amepanda basi alfajiri, Mzee Chilumba anauza mbuzi wake wawili apate nauli ya ndege, kutoka Mtwara mpaka Dar ni kama saa moja tu angani, saa sita mchana yuko Mbagala kwenye benchi la muuza kahawa, na basi bado liko huko Somanga watu wanashuka kununua pweza. Niliandika basi likisimama kila kituo, na kila kituo msomaji anajua nani amekaa kwenye benchi Mbagala. Tofauti na 1910 ni moja na mkiisahau simulizi inakufa, siku hizi muuaji naye ana simu mfukoni. Kwa hiyo jiulize nani anaweza kumshtua. Kwangu alipigiwa na dada yake alipofika Mkuranga, akashuka, akaacha begi kwenye basi, na mzee akabaki na begi lisilo na mwenyewe na mji mzima wa kutafuta.

Unamtafutaje mtu Dar? Hapa ndo watu wa kusini tuna utajiri tunaouacha njiani. Jina machinga, wengi tunajua limetoka kwetu, Wamachinga ni watu wa Lindi, vijana wao walienda Dar wakatembeza bidhaa mkononi mpaka mji mzima ukawaita wauzaji wote kwa jina hilo, hata Mchaga akiuza soksi leo ni machinga. Basi kachero wa London ana madereva wa magari ya farasi na watoto wa mitaani wa kumletea habari, wa kwetu ana machinga kuanzia Kariakoo mpaka Tandika, ana mama wauza karanga na korosho kwenye foleni, na usiku ana walinzi. Miaka mingi kazi ya ulinzi Dar imekuwa ikifanywa sana na Wamakonde, mzee mmoja na rungu na tochi getini, matajiri wanapita hawamwoni, yeye anaona gari gani imerudi saa ngapi na nani kaingia bila kuwasha taa. Mzee Chilumba anafika getini saa tano usiku anasalimia kwa lugha ya nyumbani, anakaa kwenye kigoda, wanaongelea ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula kwetu, na mvua za vuli, na kabla ya kuondoka anajua. Hakumlipa mtu. Alibeba salamu, na safari nyingine ya kurudi alibeba barua za watu wanne na hela za karo kupeleka Newala, na alizifikisha zote, mwandishi usisahau kuandika kwamba alizifikisha.

Mji wenyewe uujue kwa miguu, au kama hujafika muulize aliyeishi huko, usiokoteze majina ya mitaa. Na kila eneo ulipe kazi. Pantoni ya Kigamboni kwa mfano, mtu akishaingia na likang'oa nanga hana pa kwenda mpaka ng'ambo, ni dakika chache tu lakini ni chumba kilichofungwa chenye watu mamia. Na nikapata dalili humo, daraja la Kigamboni limefunguliwa 2016, muuaji wangu alikuwa hajakaa Dar tangu utotoni, mji alioujua kichwani ni wa zamani, kwa hiyo alipotaka kuvuka hakufikiria daraja, alikimbilia pantoni. Mzee alilijua hilo kutoka kwa shangazi wa kijana aliyesema "ameondoka Dar hata daraja halijajengwa". Maneno ya shangazi yapo episodi ya kumi na moja, pantoni ni ya kumi na tisa.

Mbio zenyewe ziwe fupi. Mzee wa miaka sitini na nane hakimbii. Anatembea, anafika.

Msipige ramli

Nikisema hili watu wananikasirikia lakini nitasema. Kachero akikwama msimpeleke kwa mganga akaonyeshwa sura kwenye beseni la maji. Kuhusu waganga kuwepo kwenye simulizi sina shida, wapo, waandikeni, ila jibu lisitoke huko. Mwaka 1930 waandishi wa hadithi za upelelezi London walianzisha chama chao, Detection Club, mwanachama anakula kiapo kwamba kachero wake atatumia akili yake, hatategemea ufunuo wala uchawi wala bahati. Kwao ulikuwa mchezo wa heshima kwa msomaji. Kwetu ni zaidi, nchi hii kuna vikongwe wameuawa kwa sababu ya ramli chonganishi, mtu kaambiwa jirani yako ndo amemmaliza mwanao, usiku watu wameingia na mapanga. Simulizi inayofundisha watu kwamba mganga alimtaja mtu na alikuwa sahihi, mimi siwezi kuituma kwenye grupu lenye watu mia mbili. Kwangu mganga alitaja mtu, na mtu huyo, bibi mmoja wa Naliendele, Mzee Chilumba alikaa barazani kwake usiku mbili mfululizo na taa imewashwa ili asiguswe, akapoteza siku mbili za kumfukuza muuaji. Mkaguzi alimpigia simu amekasirika. Mzee akamwambia mwanangu, aliyekufa ameshakufa, huyu bado.

Namna ya kumalizia

Usimalizie kwenye pingu. Pingu ziwe episodi moja kabla ya mwisho na ziwe kimya, kwangu ilikuwa pantoni inatia nanga, mzee amesimama pembeni ya kijana ameshika chuma cha pembeni, anamwambia taratibu "twende tukashuke, watu wako wanakusubiri", kijana anaona askari gatini, anauliza "nitanyongwa mzee?", na mzee hamdanganyi, kwa sababu kwa sheria yetu kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa, anamwambia hilo ni la mahakama, mimi nitakuja kukuona. Na anakuja kumwona kweli, mistari mitatu inatosha.

Episodi ya mwisho mrudishe nyumbani. Arobaini ya marehemu, wamepika pilau, wamemaliza kisomo, watu wanatawanyika. Mama wa marehemu hataki kujua mizani wala stakabadhi, anataka kujua kitu kimoja tu, mwanawe aliteseka? Na aliyeosha ule mwili ni yeye Mzee Chilumba, ndiye pekee pale anayejua. Muandike anavyokaa chini kwenye mkeka, anavyovua kofia, anavyomjibu. Jibu lenyewe mimi sikuliandika, niliandika mkono wa mama umeshika kanga mdomoni na mzee anaongea kwa sauti ndogo, halafu watoto nje wanaanza kugombania ukoko wa pilau.